Barua kwa Mwanangu Aliyetakiwa Avue Jezi Awe Kocha

Chumbageni, Tanga

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na zangu pokea pamoja na za baba yako, ambaye presha yake imetulia na sasa amerudia mtindo wa kuendesha baiskeli alfajiri mpaka Raskazone. Nimemkanya, hasikii. Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia kwa sababu maneno ni marefu, nawe kwenye simu ni hodari wa kuitikia "ee mama, ee mama" huku mkono uko kwenye sufuria.

Uliniambia klabu yako hapo Nairobi imekuita ofisini. Goti lako, baada ya ule upasuaji, daktari hakulikatalia lakini pia hakulisifu. Viongozi wakakuambia uvue jezi, uchukue timu ya mabinti chipukizi uwafundishe, na moyoni mwako, nakujua, umeshaanza kuiona timu ya taifa ya kwetu Tanzania miaka kadhaa mbele. Halafu ukaniuliza: "Mama, kuna mtu aliyecheza raga kwelikweli, akaacha, akawa kocha wa taifa na mambo yakaenda? Au ndiyo wananitoa kwa ustaarabu?"

Hilo la mwisho nilimalize upesi. Nimefundisha michezo sekondari mpaka nikastaafu, na watu wanaotolewa kwa ustaarabu nimewaona. Hupewa cheti, keki na picha ya pamoja. Hawapewi watoto wa watu. Anayekukabidhi mabinti, akakuachia shingo na mabega yao mikononi mwako katika mchezo wa kugongana, huyo hakuhurumii. Anakutaka kazini.

Hilo la kwanza ndilo linalohitaji karatasi.

Mtu ninayetaka tumzungumze ni Benjamin Ayimba. Unamjua, kila mwenye jezi huko uliko anamjua. Lakini naona nyinyi vijana mnamjua kwa siku moja tu, ile ya Singapore alipokuwa kocha wa Kenya, na siku moja haimwelezi mtu. Alizaliwa 1976. Alichezea Impala, akachezea Nondescripts, akavuka mpaka Uingereza kuchezea Cornish Pirates, wakati ambapo kijana wa Afrika Mashariki kucheza raga Ulaya lilikuwa jambo la kusimuliwa barazani. Alikuwa fowadi, mtu wa safu ya nyuma ya skramu, ule msukumano wa mafowadi wa timu mbili, wale ambao kazi yao ni kufika wa kwanza mpira unapoanguka na kuinuka wa mwisho. Aliichezea Kenya raga ya wachezaji 15 na ile ya saba kila upande, akawa nahodha.

Hapo kwenye ufowadi simama kidogo. Mtu akitazama raga ya saba kutoka jukwaani, macho yake yanakwenda kwa wenye mbio, wale wanaopokea mpira pembeni wakaondoka nao kama waliotumwa dukani. Wewe mwenyewe ulipendwa kwa hilo. Fowadi haonekani. Ila fowadi mwenye akili anauona uchovu wa watu kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu yuko chini nao: nani anafunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka, nani anasimama na mikono kiunoni, nani kapiga kelele ya kuomba mpira huku anasali usimfikie. Nahodha aliye fowadi anakusanya habari hizo kila mechi bila kujua anazikusanya kwa ajili gani. Ayimba alipokuja kusimama pembeni alikuwa nazo za kutosha.

Usije ukadhani nasema unahodha peke yake unatosha. Martin Johnson alikuwa nahodha wa Uingereza iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 2003 kule Australia, na ukubwa wake hakuna aliyeubishia. Mwaka 2008 wakamkabidhi timu ya taifa, naye hakuwa amefundisha timu yoyote kubwa kabla ya hapo. Tusimwonee, mwaka 2011 alichukua ubingwa wa Mataifa Sita, mashindano ya kila mwaka ya mataifa makubwa ya raga ya Ulaya. Lakini mwaka huohuo kwenye Kombe la Dunia huko New Zealand, Ufaransa ikawatoa robo fainali, na Novemba akajiuzulu. Nilivyomsoma mimi, jina lilifika ofisini kabla ya ufundi, na jina halijui kupanga mazoezi ya Jumanne.

Kando yake mweke Warren Gatland wa New Zealand. Alicheza katikati ya mstari wa mbele wa skramu, na bahati yake ni kwamba nafasi hiyohiyo ilikuwa ya Sean Fitzpatrick, mtu ambaye hakuwa na desturi ya kuumia. Gatland alivaa jezi ya All Blacks, timu ya taifa ya New Zealand, mara 17, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyohesabiwa kuwa mechi kamili ya kimataifa. Mtu wa benchi. Baadaye akafundisha Ireland, kisha Wales kuanzia mwishoni mwa 2007 hadi 2019, na misimu ya 2008, 2012 na 2019 akashinda mechi zote za Mataifa Sita bila kupoteza hata moja. Ukikaa benchi miaka yote hiyo na ukawa na macho, unasoma. Ukikaa na kinyongo, unazeeka tu. Nakuambia hivi kwa sababu ulinilalamikia kwamba msimu uliopita ulikaa benchi kuliko ulivyocheza, ukasema umepoteza mwaka. Hujaupoteza kama ulikuwa unatazama.

Turudi kwa Ayimba. Machi 2009 Kombe la Dunia la raga ya saba lilichezwa Dubai, naye ndiye kocha wa Kenya. Robo fainali wakakutana na Fiji, mabingwa watetezi, watu ambao kwao raga ya saba ni chakula cha kila siku, na Kenya wakawatoa. Nusu fainali Argentina ikawasimamisha, 12 kwa 0. Msimu huohuo Kenya walifika fainali ya Adelaide, moja ya duru za mashindano ya dunia ya kila msimu, wakafungwa na Afrika Kusini, na Collins Injera akafunga trai 42 kwenye mashindano hayo, yaani mara 42 aliutua mpira nyuma ya mstari wa wapinzani, nyingi kuliko mchezaji yeyote msimu ule. Kaka yake, Humphrey Kayange, alikuwa kwenye kikosi hichohicho. Kwa jumla ulikuwa mwaka ambao watu waliacha kuiita Kenya timu ya kushangaza.

Mtu angedhani baada ya hapo kazi ni yake mpaka achoke. Haikuwa hivyo. Aliondoka, timu ikapitia mikono mingine. Alikuja Mike Friday, Mwingereza, aliyekuwa mchezaji wa raga ya saba kisha kocha wa Uingereza, akaipeleka Kenya nusu fainali nyingine ya Kombe la Dunia, Moscow 2013, wakafungwa na Uingereza 12 kwa 5. Akaja Paul Treu, aliyeichezea Afrika Kusini ya saba kisha akaifundisha mpaka ikachukua ubingwa wa msimu wa 2008/09. Unaona? Katika raga ya saba karibu wote hawa walitoka uwanjani. Kwa hiyo swali lako la kama yupo aliyecheza akawa kocha wa taifa, jibu ni kwamba wamejaa. Wachache ni wale walioondolewa, wakakaa, wakaitwa tena, wakakubali kurudi bila kuja kulipiza.

Ayimba aliitwa tena 2015. Novemba mwaka huo, Johannesburg, Kenya wakashinda mashindano ya Afrika na kupata tiketi ya Olimpiki ya Rio, ambapo raga ya saba ilikuwa inachezwa kwa mara ya kwanza katika Olimpiki. Halafu ikaja Singapore.

Siku ile, tarehe 17 Aprili 2016, nilikuwa nyumbani na mjomba wako wa Mombasa alikuwa amekuja kwa ajili ya harusi ya Makorora. Yeye ndiye aliyenilazimisha nitazame. Wakati ule raga kwangu ilikuwa mchezo wa watu kurundikana, na wewe ndiyo kwanza ulikuwa umeanza kuucheza, na mimi nilikuwa nahesabu meno yako kila ukirudi nyumbani. Nusu fainali wakawatoa Argentina, walewale wa Dubai. Fainali wakawakuta Fiji, mabingwa wa msimu uliopita, ambao waliutwaa tena msimu ule na miezi minne baadaye wakachukua dhahabu ya Rio. Kenya 30, Fiji 7. Hawakubahatisha. Waliwakimbilia Fiji usoni, wakawanyima nafasi ya kurushiana mpira ule wao wa madoido, na kila Fiji alipoanguka, Mkenya alikuwa juu ya mpira. Nahodha alikuwa Andrew Amonde, fowadi naye. Injera, ambaye alikuwepo tangu Dubai, alifunga tena. Kenya haikuwahi kushinda duru hata moja ya mashindano yale ya dunia kabla ya siku hiyo, na kwa Afrika ilikuwa Afrika Kusini tu iliyowahi.

Mjomba wako alilia. Mimi nilimtazama kocha.

Nilimtazama kwa sababu mimi ni mtu wa netiboli, najua pembeni ya uwanja kunavyokuwa. Na katika mchezo wenu ni kubaya zaidi. Nusu ya mechi dakika saba, mapumziko ya kumeza maji, nusu nyingine dakika saba, basi. Ni biriani ile: ukishapanga wali juu ya nyama, ukafunika, ukaziba mdomo wa sufuria kwa unga, huna tena la kuonja wala kukoroga. Chochote ulichosahau kimesahaulika. Kocha wa mpira wa miguu ana dakika 90 za kupiga kelele na kubadili watu. Wa raga ya saba anafanya kazi yake Jumatatu mpaka Ijumaa, kisha siku mbili za mwisho wa wiki anatazama mechi sita za kilichoiva au kilichoungua. Kwa hiyo ukisikia Ayimba aliifunga Fiji, ujue aliifunga mazoezini, alipochagua wachezaji 12 wa kupanda ndege, alipoamua nani apumzishwe mechi ya tatu ili awe na miguu ya mechi ya sita, na alipowashawishi vijana kwamba Fiji nao wanachoka.

Huko kushawishi ndiko uchezaji wake ulikomsaidia. Mtu ambaye hakucheza anaweza kusoma mbinu zote, akachora mishale ubaoni mpaka wino ukakauka, na akawa kocha mzuri tu. Eddie Jones hakuwahi kuichezea Australia, lakini aliipeleka fainali ya Kombe la Dunia 2003. Ila Ayimba akimwambia kijana "najua mbavu zinakuuma, inuka," kijana anajua kweli anajua. Hilo unalo wewe. Usilitumie ovyo. Nimeona makocha kwetu huku, mmoja wa mpira wa miguu aliyekuwa mfalme wa Mkwakwani enzi zake, jina simtaji, kila mazoezi anaanza na "mimi enzi zangu". Vijana wakamvumilia mwezi, kisha wakaanza kuhesabu enzi zake zilikuwa ngapi. Enzi zako waambie siku wanayozihitaji, siku nyingine zikunje uziweke kabatini na jezi.

Sasa sikiliza sehemu ambayo watu hawaipendi. Agosti mwaka uleule wa 2016, Rio, Kenya walifungwa na Uingereza, wakafungwa na New Zealand, wakafungwa na Japan, wakamaliza wa 11 kati ya timu 12. Miezi minne tu baada ya Singapore. Kocha yuleyule, nahodha yuleyule. Ayimba akaondoka kwenye timu. Ndiyo kazi yenyewe, mwanangu. Mchezaji akicheza vibaya anaambiwa kashuka kiwango, atarudi. Kocha akipoteza mashindano makubwa anaambiwa kwaheri, hata kama picha yake akiwa na kombe bado iko ukutani. Ukiichukua kazi hii, ichukue ukijua kwamba utaondolewa siku moja, pengine bila haki, na upange maisha yako kwa namna ambayo siku hiyo haitakuacha barabarani. Yale masomo yako ya viungo na tiba ya wachezaji usiyaache hata kidogo. Nalisema mara moja na sitalirudia, ingawa baba yako atalirudia.

Na aliyemfuata? Innocent Simiyu. Kijana aliyecheza chini ya Ayimba, na katika kikosi kile cha Dubai alikuwemo. Mwaka 2018 akaifikisha Kenya fainali mbili mfululizo, Vancouver na Hong Kong, zote wakafungwa na Fiji. Naye akaondoka, naye akarudi, akaipeleka Olimpiki ya Tokyo. Kevin Wambua aliyekuja baadaye na kuipeleka Paris 2024, huyo naye alicheza. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu yenye uzito kuliko kombe la Singapore. Watu wanahesabu vikombe, lakini kocha aliyetoka uwanjani akifanya kazi yake sawasawa, wachezaji wake wanajifunza na kazi yake pia, bila kuitiwa darasa. Wanamtazama anavyomwambia mtu kwamba hajachaguliwa. Wanatazama anavyokaa kwenye basi baada ya kufungwa. Miaka ikipita mmoja wao anasimama pale alipokuwa anasimama yeye.

Tarehe 21 Mei 2021 Ayimba alifariki. Malaria ilimpanda kichwani. Alikuwa na miaka 44. Mjomba wako alinipigia simu usiku ule, tukanyamaza kwa muda mrefu hata vocha ikaisha. Mtu ambaye mabega ya dunia nzima yalishindwa kumlaza, mbu akamlaza. Kwa hiyo ukija likizo utalala ndani ya chandarua, na habari za joto la Tanga usiniletee.

Utasema mama, hao wote ni wanaume. Nimelifikiria. Lesley McKenzie alikuwa mchezaji wa mstari wa mbele wa Canada, akacheza Kombe la Dunia la 2006 na la 2010. Mwaka 2019 akawa kocha mkuu wa wanawake wa Japan, nchi si yake, lugha si yake. Jo Yapp alikuwa nahodha wa Uingereza ya wanawake kwenye Kombe la Dunia la 2006, na mwaka 2024 akachukua ukocha wa wanawake wa Australia. Hapo Kenya kwenyewe timu ya wanawake imekwenda Rio na imekwenda Tokyo, kwa hiyo mabinti utakaopewa hawatakuuliza kama Olimpiki ni ya wasichana, watakuuliza wafanye nini ili wafike. Ni swali gumu zaidi, ila ni zuri kuulizwa. Angalia tu miaka: kati ya kuvua jezi na kupewa taifa, wanawake hawa walifanya kazi muda mrefu mahali ambapo kamera hazikuwepo. Johnson yeye alirukishwa ngazi hizo. Kama kweli unataka benchi la Tanzania, ambako raga bado ina watu wachache na viwanja vya kuazima, basi hao chipukizi ndio ngazi yenyewe. Usiwatazame kama chumba cha kusubiria.

Kuhusu miguu yako sitakudanganya. Nilipoacha kucheza netiboli nikashika filimbi, miezi ya mwanzo miguu ilikuwa inaingia uwanjani yenyewe. Mpira ukipotea nilikuwa nauona kabla haujapotea, na mdomo ukataka kumchezea yule binti kila pasi. Mwalimu mwenzangu akaniambia nishike daftari, niandike badala ya kusema, niongee wakati wa mapumziko tu. Ilisaidia. Mabinti wakaanza kuamua wenyewe, na timu ile ndiyo niliyokwenda nayo UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Wewe chukua daftari. Na siku za mazoezi usivae viatu vya njumu kabisa, vaa raba, ili hata ukitaka kuingia kuonyesha, uwanja wenyewe ukukatalie. Goti lako litakushukuru.

Jambo jingine dogo, ingawa wewe utaliona kubwa: rafiki zako. Kuna wawili watatu kwenye klabu mliokaa nao chumba kimoja, mkala wote, mkasengenya makocha pamoja. Ukikubali kazi hii, mazungumzo yale hutakuwa nayo tena. Hawatakuchukia, ila wakikuona unakuja watabadilisha habari. Mimi nilipoteza shoga mmoja namna hiyo, tukaja kupatana tulipostaafu wote, sasa ndiye anayeniletea kachori kila Ijumaa. Inachukua muda.

Basi ukiniuliza mimi, kubali. Lakini usiende kutia saini kwa furaha. Waulize kwanza nani atachagua kikosi, wewe au kiongozi mwenye mpwa wake kwenye timu, na jibu waliandike. Waambie wakulipie kozi za ukocha za World Rugby, shirikisho la raga duniani, zile zenye ngazi, uanze ya kwanza hata kama unadhani unaijua, kwa sababu unachokijua ni kucheza, na pale watakufundisha namna ya kumfundisha mtoto kukaba bila kuvunja shingo. Waulize daktari au mtu wa huduma ya kwanza atakuwepo mazoezini au mechi tu. Wakisema mechi tu, kataa mpaka wabadilishe, maana wengi huumia mazoezini, wewe mwenyewe goti lilikwenda Jumatano. Na muda wa mkataba usiwe msimu mmoja. Msimu mmoja unatosha kulaumiwa, hautoshi kufundisha.

Kama huyo kiongozi atakuambia mambo ya mkataba yasubiri kwa sababu nyinyi ni familia, mwambie na mimi nina familia, iko Chumbageni, na mama yangu amesema hapana.

Nitumie mkataba kwa picha kabla hujaugusa na kalamu, kurasa zote, hata ile ya mwisho yenye maandishi madogo. Baba yako atausoma kwanza kwa miwani yake, kisha nitausoma mimi. Na zile bandeji za goti ulizoniomba niulize hapa mjini nimezipata dukani Barabara ya Kumi na Mbili, nitampa dereva wa basi la Jumamosi, kampokee mwenyewe asizishushe Mombasa.

Mama yako